Nilianza na ngozi, nikaishia kwa ng'ombe

Watu wengi huingia kwenye kazi ya mifugo wakianza na mnyama. Wamekulia kando ya zizi, au wamesomea chuoni, au wamejinyima mpaka wakanunua mtamba wa kwanza. Mimi nilianza na ngozi. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye ghala la ngozi mbichi, na kwa muda mrefu sikumgusa mnyama mwenye pumzi. Kutoka hapo nikahamia machinjioni, upande wa kupokea wanyama, kisha kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa ambako niko hadi leo. Njia hiyo ya kinyumenyume imenifanya niutazame ufugaji kwa jicho la mpokeaji, yaani yule anayeletewa ngozi, nyama au maziwa, naye akaweza kukuambia, bila kukanyaga shambani kwako, mnyama wako aliishi vipi na alishikwa na mikono ya namna gani.

Ghalani ngozi ilitandazwa juu ya meza, ikakaguliwa upande wa nyama, ikageuzwa. Mzee aliyenifundisha kupanga madaraja hakuwa mtu wa maneno. Alipitisha kiganja juu ya manyoya taratibu, akasimama, akabonyeza kwa dole gumba, akataja daraja, ngozi ikaondolewa. Nami nilipitisha changu nyuma yake. Polepole kiganja kilianza kuelewa. Vijipele vidogo vigumu vilivyosongamana chini ya mkia, mapajani kwa ndani na kuzunguka kiwele ni kazi ya kupe, kwa sababu huko ndiko ngozi iliko laini na manyoya machache. Mkwaruzo mrefu ubavuni ni mwiba au seng'enge. Matundu madogo mgongoni karibu na kiuno ni fimbo yenye ncha ya mtu asiye na subira. Chapa ya moto huacha bonge gumu ambalo halipokei rangi, na wafugaji wengi huipiga kwenye paja au ubavuni, mahali penye ngozi pana na nzuri, eti ionekane kwa mbali. Inaonekana kweli, tena na mnunuzi.

Makovu mengine hayaonekani kabisa ngozi ikiwa na manyoya. Hujitokeza kiwandani, ngozi ikishalowekwa kwenye chokaa, manyoya yakatoka, ikatiwa chumvi za kromu na kugeuka rangi ya samawati. Isiyo na dosari huachwa na uso wake wa asili, ikawa viatu na mikoba ya daraja la juu. Yenye makovu husuguliwa, ikapakwa rangi nzito na kugandamizwa mchoro wa bandia, au hupelekwa kwenye kazi za kujificha, kama bitana ya kiatu na glavu za vibarua. Mpaka wakati huo nilijua josho ni la kuzuia ndigana na magonjwa mengine ya damu yanayoletwa na kupe. Kumbe hata kupe asiyeleta ugonjwa wowote anaacha hasara nyuma yake, ila hasara hiyo inalipwa mbali na zizi, na mfugaji haioni ila kwa bei ndogo ambayo haelewi imetoka wapi.

Kuhusu chumvi nitasema kidogo, kwa sababu hili watu hulibania sana. Ngozi huanza kuoza saa chache tu baada ya kuchunwa, hasa penye joto, na chumvi inayohitajika ni kama theluthi moja ya uzito wa ngozi yenyewe au zaidi. Kipimo chetu kilikuwa vidole viwili. Unashika kishungi cha manyoya ya tumboni, unavuta. Yakigoma, ngozi ni nzima. Yakikufuata bila ubishi, bakteria wameshakula kule yalikoshikilia, na hakuna kiwanda kitakachoirudisha.

Machinjioni ndipo nilipomjua mnyama aliye hai, katika siku yake ya mwisho. Nilipangwa uani, kwenye mazizi ya kungojea na kwenye kile kinjia chembamba chenye kuta pande mbili kinachowapeleka ndani mmoja mmoja, ambacho wengi wetu hukiita krashi. Wenzangu wa mwanzo walijua njia moja tu ya kumsogeza ng'ombe: kelele na fimbo. Baadaye akaja msimamizi aliyetunyang'anya fimbo zote, akatupa mafunzo ambayo nayatumia kila siku hata sasa.

La kwanza lilikuwa macho. Ng'ombe ana macho pembeni mwa kichwa, kwa hiyo huona karibu pande zote, takriban nyuzi 330. Asipoona ni nyuma kabisa, mkiani, na sehemu ndogo mbele ya pua. Ukimjia kwa nyuma moja kwa moja anageuka akutafute, au anapiga teke kwa kitu asichokiona. Upana huo wa kuona una gharama yake. Kupima kina kunamshinda mpaka ashushe kichwa na kutazama kwa makini. Kivuli sakafuni, mfereji wenye wavu wa chuma, sehemu kavu inapokutana na sehemu yenye maji, vyote hivyo kwake vinaweza kuwa shimo. Anasimama. Anayemfuata anagonga matako yake. Mtu aliye nyuma anapandwa na hasira, na hapo fujo imeanza.

La pili lilikuwa umbali. Kila mnyama ana duara lake lisiloonekana. Ukilivuka anaondoka, ukirudi nyuma anatulia. Kwa ng'ombe wa maziwa aliyezoea watu duara hilo linaweza kuwa sifuri, na kwa ng'ombe aliyekulia porini likawa mita nyingi. Kazi nzuri hufanyika kwenye ukingo wa duara, unaingia hatua moja na kutoka hatua moja. Ukijitosa katikati yake wakati mnyama hana pa kwenda, atapita juu ya ua au juu yako.

La tatu, ambalo sikuliamini mpaka nilipojaribu mwenyewe, ni bega. Ukisimama nyuma ya bega la ng'ombe, anakwenda mbele. Ukisimama mbele ya bega, anarudi nyuma. Basi akiwa kwenye krashi amegoma, usimsukume. Anzia mbele, karibu na kichwa, kisha tembea kandokando yake kuelekea mkiani, kinyume na unakotaka aende. Mara tu unapolipita bega, anapiga hatua mbele. Mgeni akiona hudhani ni mazingaombwe. Ukipita ng'ombe watano kwa mwendo huo bila kutamka neno, wote watano wanasogea.

Yule msimamizi alipenda kumtaja Temple Grandin, mtaalamu wa Marekani aliyepata umaarufu kwa kuingia mwenyewe kwenye vinjia vya ng'ombe na kutazama kutoka pale macho yao yalipo. Aliona minyororo inayoning'inia, taa inayomulika majini, koti lililotundikwa uani. Ndiye aliyefanya vinjia vya kupinda vijulikane sana, kwa kuwa ng'ombe hupenda kurudi alikotoka, na kona humfanya aone kama anarudi huku ikimficha watu na heka heka za mbele. Sisi hatukuwa na uwezo wa kujenga upya, lakini kutazama hakuna gharama. Palikuwa na mahali ambapo wanyama waligoma kila siku, na kila mtu alikuwa na sababu yake: harufu ya damu, ukaidi, mbegu mbaya. Msimamizi akachuchumaa mle ndani hadi macho yake yakawa usawa wa kichwa cha ng'ombe. Mbele, kwenye mlango, palitundikwa koti la mvua la njano la mmoja wetu, likipepea. Likaondolewa. Harufu ya damu ilibaki pale pale, na ng'ombe wakapita.

Faida ya utulivu huo haikuwa ya huruma peke yake. Misuli ya mnyama huwa na akiba ya sukari iitwayo glikojeni. Akishachinjwa, akiba hiyo hugeuka asidi, na katika muda wa siku moja hivi pH ya nyama, yaani kipimo cha uchachu wake, hushuka kutoka karibu 7 hadi kama 5.5. Hapo nyama inakuwa na rangi nyekundu ya kuvutia, inalainika vizuri, na inakaa. Mnyama aliyehangaishwa tangu jana yake, akasafirishwa wima bila maji, akachanganywa usiku na mafahali asiowajua wakapigana hadi alfajiri, anafika akiwa ameiteketeza akiba yote. Asidi haitengenezeki. pH inabaki juu ya 6, na nyama inatoka nyeusi, inanata mkononi, inaharibika upesi. Kwa nguruwe huwa kuna kituko kingine: hofu kali ya dakika za mwisho huifanya asidi itengenezwe haraka mno wakati mwili bado una joto, na nyama inatoka imepauka, laini ajabu, ikitiririsha maji. Nilikuwa napita kwenye chumba cha baridi asubuhi, naona mzoga mweusi, natafuta namba yake, nagundua ni wa kundi lile lililoshushwa usiku kwa makelele. Sikuhitaji mahubiri tena baada ya hapo.

Michubuko nayo ni shahidi mzuri. Mchubuko wa leo una damu nyekundu mbichi, wenye siku kadhaa unaelekea manjano. Dereva akidai mnyama alikuja hivyo kutoka shambani, au mfugaji akimtupia dereva lawama, rangi inaamua. Kondoo aliyeshikwa kwa sufu ana jeraha chini ya ngozi mahali pale pale palipokuwa na kiganja, ukimchuna unaona umbo lake. Kondoo hushikwa chini ya kidevu na nyuma kwenye nyonga. Kuku wanaobebwa mguu mmoja mmoja hutoka nyonga, na wanaokamatwa kwa bawa huvunjika, na kipande kilichovunjika hukatwa na kutupwa. Nguruwe hapelekwi kwa kamba. Chukua ubao mpana, shikilia pembeni yake, mzibe unakotaka asiende. Anapoona ukuta hageuki kubishana nao.

Wageni hushangaa wakisikia kwamba ng'ombe aliyechinjwa hutoa mzoga wa karibu nusu tu ya uzito wake, kwa kawaida asilimia 50 hadi 60. Wanauliza kilichobaki kinaenda wapi. Hapo ndipo sekta yenyewe inapoanza kuonekana. Mafuta huwa sabuni. Mifupa na ngozi hutoa gelatini ya vidonge na pipi. Utumbo hufungiwa soseji. Dawa ya heparini, inayozuia damu kuganda hospitalini, hutolewa kwenye utumbo wa nguruwe hadi leo. Mpaka mwaka 1982, ilipoidhinishwa insulini ya kwanza iliyotengenezwa kwa bakteria, wagonjwa wa kisukari waliishi kwa kongosho za nguruwe na ng'ombe. Huwa nawaambia vijana wasijifunge na kufuga tu. Kuna ukaguzi wa nyama, usindikaji, chakula cha mifugo, chanjo, uhimilishaji yaani kupandisha kwa mrija, usafirishaji, ngozi, na kila mojawapo inahitaji mtu anayemjua mnyama.

Onyo moja ambalo silipunguzi makali. Mnyama aliyekufa ghafla, damu ikimtoka puani au nyuma na isigande, haguswi, hachunwi, hapasuliwi. Huenda ni kimeta. Mzoga ukifunguliwa, vijidudu vyake hujenga ganda linalodumu udongoni kwa miongo, na mtu anayechuna anaweza kuambukizwa. Mwite daktari wa mifugo, zuia mbwa, ngoja. Vivyo hivyo kondo la ng'ombe aliyetupa mimba: glavu kwanza, kwa sababu ya brusela, ugonjwa wa kutupa mimba unaoambukiza na watu.

Nilipofika kwenye shamba la maziwa nilidhani sasa nimeingia kwenye dunia nyingine, ya upole na majani. Nilikuta ni mambo yale yale, ila ushahidi unafika mapema zaidi, asubuhi hiyo hiyo, kwenye ndoo. Maziwa hayashuki kwa kuvutwa. Chuchu zikioshwa na kuguswa kwa upole, ubongo wa ng'ombe huachilia homoni ya oksitosini, na baada ya dakika moja hivi kiwele kinajaa na chuchu zinakaza. Nguvu hiyo hudumu dakika chache tu, tano hadi saba, kwa hiyo ukishamwandaa usiende kupiga soga. Akishtuka, adrenalini huizima oksitosini, na maziwa yanabaki ndani. Ukimpiga ng'ombe mlangoni, utamkamua nusu, na ile nusu iliyobaki kiweleni ni karamu ya bakteria. Kwetu mkamuaji mpole ndiye mwenye ndoo nzito, na wala hana mikono yenye nguvu kuliko wengine.

Kabla ya kukamua, tone la kwanza la kila chuchu huingia kwenye kikombe cheusi. Juu ya weusi mabonge madogo ya ugonjwa wa kiwele huonekana wazi, hata yakiwa membamba. Baada ya kukamua, chuchu huchovywa kwenye dawa, na ng'ombe hupewa chakula ili asimame kwa nusu saa hivi, kwa sababu mlango wa chuchu haufungi mara moja, naye akilala kwenye tope amejikaribishia maradhi. Kiwanda kinachopokea maziwa nacho kinapima. Kinahesabu chembe za mwili zilizomo, ambazo huongezeka kiwele kikiugua, na kiwele kizima kwa kawaida huwa na chini ya 200,000 kwa mililita, wakati Umoja wa Ulaya haukubali yanayozidi 400,000. Kinatafuta mabaki ya antibiotiki pia, maana dawa iliyomponya ng'ombe huua na bakteria wazuri wa mtindi na jibini, na maziwa ya ng'ombe mmoja aliyekamuliwa kabla ya siku za kusubiri dawa itoke mwilini kuisha yanaweza kuharibu tangi zima. Maneno "siku za kusubiri" kwenye kibandiko cha dawa yameandikwa kwa herufi ndogo. Yangepaswa kuwa makubwa kuliko jina la dawa.

Kijana mpya nikimpokea simpi ndoo wala kamba. Namsimamisha uani mchana, ng'ombe wamelala, namwambia ahesabu wanaocheua. Kati ya waliolala, zaidi ya nusu wanatakiwa wawe wanatafuna. Wakipungua, kuna kitu kwenye chakula, maji au joto. Kisha tunaingia ndani, anaweka ngumi kwenye bonde la ubavu wa kushoto, nyuma ya mbavu ya mwisho, anatulia. Chini ya ngumi tumbo kubwa linainuka na kushuka, mara moja au mbili kwa dakika. Wengi huruka mara ya kwanza. Upande huo huo ukivimba na kukaza hadi kulia kama ngoma ukiugonga, gesi imenasa, na hapo muda ni mfupi. Kipimajoto kinafuata: ng'ombe mkubwa mwenye afya yuko kati ya nyuzi 38 na 39.3, kuku yuko juu ya 40 na wala si mgonjwa. Halafu maji, ambayo watu huyasahau huku wakihangaika na virutubisho. Maziwa ni maji kwa asilimia 87, na ng'ombe anayekamuliwa huhitaji lita tatu hadi nne za maji kwa kila lita anayotoa. Kuna wafugaji wamebadilisha chakula mara nyingi kumbe ni birika lenye ukungu.

Siku za mimba wanazikariri haraka, nguruwe siku 114, mbuzi 150 hivi, ng'ombe karibu 283, kwa hiyo sizikalii. Ninalolikalia ni ndama. Huzaliwa bila kinga, kwa kuwa kinga ya mama haipiti kwenye kondo. Yote imo kwenye dang'a, maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, na utumbo wa ndama huipokea kwa saa 24 tu za kwanza, tena uwezo huo unapungua kila saa inayopita. Kama asilimia 10 ya uzito wake, mapema iwezekanavyo, ikiwezekana saa mbili au tatu za mwanzo. Ndama aliyeikosa anaweza kukua, lakini utamhudumia maisha yake yote.

Mwaka 1965 kamati ya serikali huko Uingereza iliandika kwamba mnyama wa kufugwa anastahili angalau nafasi ya kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha miguu. Ndiko zilikotokea kanuni za ustawi wa wanyama zinazofundishwa leo duniani. Nazikubali zote, ingawa nakiri kwamba maneno yanaponiishia mbele ya mfugaji mbishi, namwonyesha picha ya ile nyama nyeusi, na mazungumzo yanaendelea vizuri.

Mwisho kabisa ni daftari. Kila ng'ombe ana ukurasa wake: siku ya joto la kutaka dume, na akionekana nalo asubuhi mhimilishaji aitwe jioni, siku ya kuzaa, dawa aliyopewa na siku ya mwisho ya kusubiri, chanjo, maziwa ya asubuhi na jioni. Vijana huzijaza safu hizo vizuri. Safu wanayoiacha wazi ni ya tabia, kwa kuwa wanaona si kitaalamu. Mimi huijaza kwa kalamu nyekundu: huyu hapendi kushikwa sikio, huyu anarusha mguu wa kulia ukimjia bila kumsemesha, huyu hapandi lori ila akitanguliwa na mwenzake. Siku ya kuhamishwa au kuuzwa, ukurasa huo unachanwa na kukabidhiwa dereva pamoja naye.